Ukili wa Zambarau

"Asiyekuwapo na lake halipo." Ndivyo mkubwa wa kazi alivyomjibu Nasra leo, na wenzake wakacheka. Nasra anafanya kazi ya ofisi humu nyumbani kwa kompyuta, wenzake wako mjini, na jana walikaa wakagawana majukumu bila kumwita. Sasa yeye na nduguze wananiuliza maneno haya yalitoka wapi. Kaeni basi, wajukuu zangu, niwaambie mdomo ulioyatamka kwanza.

Palikuwa na wanawake saba wa Kigomeni waliosuka mikeka ya arusi. Kila mmoja alisuka ukili wake nyumbani, ule utepe mrefu wa ukindu, kisha kili zote saba zikashonwa pamoja barazani kwa Bi Somoe, mkubwa wao. Mkeka ukiisha, haukaliwi na mtu mpaka wakae wao kwanza, kila mmoja juu ya ukili wake, wale halua, wataniane. Hapo ndipo hupelekwa kwa bibi arusi.

Sita waliishi karibu. Wa saba, Mwanakheri, alikaa ng'ambo ya kijito, na miguu yake ilikufa kwa homa tangu utotoni. Ukili wake ulivushwa na Haji, muuza chumvi mwenye punda. Kwa usukaji hakuna aliyemfikia. Sifa zilimjia, na kipande cha halua kilimjia pia, kimefungwa kwenye jani. Lakini halua ya kuletewa si halua ya kula na wenzio. Mwanakheri hakuwa amekalia mkeka hata mmoja, na hilo lilimuuma kila arusi.

Mwaka ule alipoolewa binti wa Bi Somoe, Mwanakheri alituma neno: "Safari hii nichukuliwe. Nataka kukaa nanyi." Bi Somoe akajibu kwamba atatuma watu na kitanda wambebe. Mwanakheri akasuka ukili wa zambarau, rangi waliyokubaliana, akiusuka taratibu kama anayemsuka mwanawe nywele. Haji akaupeleka.

Siku ya siku akaoga, akavaa kanga mpya, akajikokota mpaka kizingitini. Ngoma ikalia ng'ambo. Jua likapanda, likapinda, wabebaji wasije. Alasiri akaja Haji na punda wake, na juu ya punda ukili wa zambarau, umekunjwa.

"Wamesema hauoani na zingine," alisema Haji, macho chini. "Mkeka ni wa kijani. Bibi arusi alibadili rangi."

"Lini?"

"Jumatatu, walipokaa."

"Na nani aliyeniletea habari?"

"Kila mmoja alidhani mwenziwe amekwisha kutuma. Na kwa kuwa ukili wako haumo, dada yangu, wakaona huna pa kukaa. Ndiyo maana hawakuleta kitanda."

Mwanakheri akaupokea ukili, akaupakata. Alilia bila kujificha.

"Miaka kumi na miwili nawasukia, Haji. Kumbe asiyekuwapo na lake halipo!"

Haji hakuwa mtu wa kukaa na neno kifuani. Alivuka nalo mpaka kwa Bi Somoe, akalitua mbele yao kama lilivyo. Wanawake sita wakaacha kutafuna.

Kesho yake wakaja wote na mkeka, wakataka kuufumua wautie ukili wake, aukalie. Akakataa. "Huo umekwisha kukaliwa," alisema. "Njooni na ukindu mpya." Uliofuata waliushonea uani kwake, naye akaukalia wa kwanza. Tangu hapo hawakufungua kikao kabla ya kuuliza nani hayupo. Lakini ule wa kijani aliutamani mpaka anaingia kaburini.

Ndiyo hivyo, Nasra. Mkubwa wako kaitumia methali hii kumfunga mtu mdomo. Aliyeisema kwanza alikuwa kizingitini, kavaa kanga mpya, angali anangoja kuitwa: asiyekuwapo na lake halipo.