Siku Walipolizika Bwawa

Hadithi inabisha hodi.
Karibu ndani.
Ina matope miguuni.
Ijifute kwanza.
Haijifuti, imelelewa vibaya. Haya, sikilizeni.

Hapo kale palikuwa na miji miwili na bwawa moja. Huku Majitele, mji wa Kiboko. Kule Vumbini, mji wa Ngiri. Ukuta wa bwawa ulikuwa wa udongo, umejengwa na mababu ambao hata makaburi yao yalishasahaulika. Na chini ya ukuta, pale ambapo mwenye akili hajengi, aliishi panya Buku na watoto wake. Alijenga pale kwa sababu kwingine kote kulikuwa na wenyewe.

Siku moja Buku anakoroga uji, akasikia ukutani: chwee, chwee, chwee. Kutazama, ufa. Mkono unaingia. Kesho yake kichwa kinaingia. Buku akajua ukuta ukienda, wa kwanza kwenda nao ni wanawe. Akaacha mwiko chunguni, akapanda kwa Kiboko.

"Shikamoo, mjomba Kiboko."
"Marahaba."
"Bwawa linavuja."
"Upande wa nani?"
"Katikati."
"Katikati ni kwa Ngiri."
"Basi tupunguze maji kidogo, mjomba, tuuzibe ufa."

Kiboko alikuwa majini mpaka masikioni. "Maji yangu yapungue, mgongo wangu uungue jua? Nenda kawafundishe wanao kuogelea."

Buku akaenda kwa Ngiri.

"Shikamoo, babu Ngiri."
"Marahaba."
"Bwawa linavuja."
"Upande wa nani?"
"Katikati."
"Katikati ni kwa Kiboko." Ngiri akapiga magoti, akaendelea kula nyasi. "Lakini usijali, tutaunda kamati."
"Ya kuziba?"
"Ya kutazama."

Kamati ikaundwa, ikaenda kukaa juu ya ukuta, ikatazama. Ukuta ukatitia kwa uzito wa kamati. Chwee, chwee ikawa chwaa, chwaa. Buku akarudi kwa Kiboko, akarudi kwa Ngiri, masika yote kiguu na njia, na jibu lile lile.

Ndipo Buku alipoacha kusema ukweli. Akajipaka majivu kichwani, akajifunga kanga kiunoni, akapanda juu ya ukuta, akaangua kilio. "Uwii, uwii. Bwawa limefariki. Uwii."

Sasa mnajua msiba ulivyo. Msiba hauulizi upande. Aliyekunyima chumvi jana, leo anakuja na jembe, maana asiyezika wenzake ataoza peke yake. Miji yote miwili ikaja. Ngiri alikuja mbio kuliko wote, kwa kuwa yeye na Kiboko ni watani, na kazi ya mtani msibani ni kushika jembe na kumsumbua mfiwa.

Kiboko akainua pua. "Limekufa lini?"
"Alfajiri, mjomba. Kimya kimya."
"Mbona nasikia linachuruzika?"
"Maiti ya bwawa ndivyo ilivyo."

Kiboko akafikiri. Kiboko akifikiri, maji hutoa mapovu. "Marehemu ameacha nini?"
"Maji tu."
"Mrithi nani?"
"Atakayemzika."
"Basi mfiwa ni mimi," akasema Kiboko. "Nimelala kifuani mwake tangu utoto."
"Pole sana, mjomba. Toka majini. Mrithi haogi mpaka azike."

Kiboko akatoka, anatiririka maji na machozi, huwezi kujua kipi ni kipi.

"Sasa marehemu aoshwe," akasema Buku. "Maiti hukamuliwa tumbo kwanza. Fungueni mlango wa maji."

Bwaa, bwaa, bwaa. Tumbo likashuka, likashuka, na ufa ukaonekana wote, toka kichwani hadi miguuni.

"Kaburi tulichimbe wapi?" akauliza Ngiri. "Maiti yenyewe kubwa."
"Kaburi analo tayari. Lile pale, lijazeni."

Ngiri akaruka, akalala ndani ya ufa, kama watani wafanyavyo. "Sitoki mpaka Kiboko aseme mimi ni mzuri kuliko yeye."

Waliokuwa wakilia wakacheka. Kiboko akatazama huku, akatazama kule. Msiba ni msiba. "Ngiri, wewe ni mzuri kuliko mimi."
"Na meno?"
"Na meno."

Ngiri akatoka, kazi ikaanza. Kiboko anabeba udongo mdomoni: puu. Ngiri anashindilia kwa kwato: ti ti ti. Puu, ti ti ti. Puu, ti ti ti.

"Leta udongo wa mfinyanzi, mjomba," akasema Buku. "Marehemu hakupenda mchanga."

Wanawake wa Majitele na wa Vumbini wakafuma sanda ya matete, wakamfunika, wakapanga mawe juu yake. Kisha mlango ukafungwa, ukaachwa mwanya wa kidole. Maji yakapanda. Buku akatega sikio ukutani: kimya. Hata tone. Akaketi chini kidogo.

Kiboko akajitupa majini, chubwi. "Nimezika. Urithi wangu huu. Ngiri na watu wako, kunyweni umande."

"Mjomba," akasema Buku, "hebu sikiliza pale mlangoni."

Kiboko akasikiliza. Guu, guu, guu.

"Anapumua," akasema Kiboko, sauti imepungua.
"Amefufuka. Mmemzika vizuri mno."
"Na urithi wangu?"
"Tangu lini mtu akamrithi aliye hai? Huo ni wizi, mjomba, na wote hawa wamekuja na majembe."

Kiboko akayatazama majembe. Akazama taratibu mpaka ikabaki pua. "Na nimeshamwambia Ngiri ni mzuri," akanung'unika.

"Hilo halifufuki," akasema Ngiri. "Limezikwa."

Hadithi imefika kwake, imejifungia mlango. Mliokuwa macho mmesikia. Mliosinzia waulizeni wenzenu, mimi sirudii.

Na fundisho ni hili: semeni ukweli siku zote, wanangu, maana ukweli ndio unaotengeneza mabwawa. Buku aliusema masika yote. Anayetaka kujua ulitengeneza nini, akaiulize kamati.