Mfenesi wa Mwantumu na Diski Iliyojaa

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya majini, ni zamani ya juzi tu, watu wa Muheza walipokwisha zoea kuoa mbele ya kamera, palikuwa na ndugu watatu wa tumbo moja. Mkubwa Mbaruku, wa kati Zaina, wa mwisho Shaweji. Watu wazima wote, Shaweji ana ndevu mpaka hapa, na wote watatu wamejazana sebuleni kwa mama yao kama kuku wanaoatamia, wakihariri picha za arusi.

Kompyuta moja, diski moja. Hapo ndipo penye maneno.

Maana arusi ina picha nyingi kuliko wali. Bibi arusi akipakwa hina, picha. Akilia, picha. Shangazi akidondosha sinia, picha. Kila Jumatatu diski imejaa hadi shingoni, na kila Jumatatu wanagombana nini kitoke.

Mbaruku alikuwa mtu wa kufuta. Kila kipande alikiandika kwenye daftari, saa yake na uzito wake kwenye diski, kisha kazi ikiisha anafuta, roho yake inatulia. Zaina alikuwa mtu wa kuweka. Hafuti hata picha ya kiatu. Mama yao aliwanunulia diski ya nje wagawane, Zaina akawa anaijaza peke yake, kila arusi anainakili humo, kisha anaifunga ndani ya kanga na kuitia sandukuni. Na Shaweji alikuwa na sinema yake mwenyewe, ya mwizi wa mbuzi, miezi kumi na moja anaitengeneza haiishi. Hiyo peke yake ilikalia nusu ya kompyuta kama mgeni asiyejua kuaga.

Sasa ikaja arusi ya Mwantumu binti Kihiyo. Baba yake akashika kipaza sauti, akasema dakika arobaini. Katikati ya maneno mengi akasema shamba la bondeni, michungwa yote na mfenesi ule wa pembeni, tangu leo amempa binti yake. Watu walikuwa kwenye pilau. Mbaruku alipohariri, akaikata hotuba ile ikabaki dakika mbili, dua na vigelegele, kwa kuwa hakuna anayelipia sinema amtazame mzee akikohoa. Shamba likaenda na makapi.

Jumatatu, diski imejaa. Mbaruku akafungua mradi wa arusi ile kwenye kompyuta, akaona kila kitu kinacheza humo, bibi arusi, mzee, masinia. Akajisemea, arusi imeshaingia humu, zile picha mbichi za nini tena? Akafuta zote.

Mimi sikusoma, darasa la pili nilitoka na sikurudi, lakini hata mimi nimeelewa waliponieleza. Mradi ule ni kama karatasi ya mpishi. Imeandikwa mchele, nyama, bizari, na ghala ilipo. Mchele wenyewe haumo. Yeye alichoma ghala akabaki na karatasi mkononi.

Miezi mitatu ikapita, Mzee Kihiyo akafariki. Arobaini haijapoa, mdogo wake, Mhina, akasema shamba ni la ukoo. Wakamuuliza, siku ya arusi hukusikia? Akasema alisikia vijiko tu. Na wengine waliosikia wakasahau ghafla, maana Mhina ndiye mwenye trekta na msimu wa kulima ulikuwa umefika. Baraza la kata likamwambia Mwantumu alete ushahidi Ijumaa, la sivyo shamba ni la ami yake.

Alhamisi asubuhi Mwantumu akaingia sebuleni kuiomba hotuba ya baba yake. Mbaruku akafungua mradi kwa mbwembwe. Kila kipande cheusi. Kompyuta inamwambia picha hazipo zilipokuwa. Akafungua tena, yale yale.

"Umezifuta," Zaina akamwambia.

"Nilidhani zimo."

"Kila siku unaniita jalala. Haya, leo ngoja uone jalala."

Akaenda sandukuni, akarudi na ile diski ndani ya kanga. Wakaichomeka. Ikalia kwikwi, kama jiwe linasaga mahindi. Inakufa. Ikipata moto inajizima, na kila ikizimwa huamka kwa shida zaidi. Ilikuwa lazima kipande kinachotakiwa kitolewe upesi, kiwekwe kwenye kompyuta. Lakini kipande kipi? Zaina hupa picha majina kama anavyowapa paka. Mpya. Mpya Kabisa. Mpya Kweli. Mia tisa ziko hivyo, na kufungua moja moja diski ingekufa mara tatu.

Mbaruku akachukua daftari lake. Akapitisha kidole, akasoma: hotuba ya baba, saa kumi na dakika ishirini, ndefu mno, kata. Na uzito wake pembeni. Akatafuta uzito ule kati ya zile mia tisa. Picha yenye uzito huo ilikuwa moja tu. Inaitwa Mpya Kweli ya Mwisho.

Wakaivuta. Kompyuta ikakataa, haina nafasi. Diski inalia. Wote wawili wakamgeukia Shaweji. Shaweji akaitazama sinema yake ya mwizi wa mbuzi. Akaifuta yote, miezi kumi na moja, wala hakukaa chini.

Hotuba ikaingia. Diski ile ikazimika, mpaka leo.

Ijumaa wakaionyesha barazani. Mzee Kihiyo akasema waziwazi, "Shamba la bondeni ni la Mwantumu. Si la ndugu yangu, si la mume wake." Na nyuma yake, pichani, Mhina mwenyewe, shavu limejaa pilau, anatikisa kichwa kukubali na kupiga makofi. Baraza lilicheka mpaka mwenyekiti akavua miwani.

Mwantumu akapata shamba lake. Akawaita wale ndugu, akawaambia ule mfenesi wa pembeni anautoa, mti bila ardhi, kama desturi yetu ilivyo, lakini kwa mtu mmoja. Wakishiriki watatu watakatana mapanga msimu wa kwanza. Waseme wenyewe ni wa nani.

Zaina akasema, "Ni wangu. Nisingeweka, mngetafuta nini?"

Mbaruku akasema, "Ni wangu. Ungekufa na mia tisa zako hujui ipi ni ipi."

Shaweji akasema, "Nyinyi mmetoa kitu gani? Wewe diski yako ilikuwa inakufa hata hivyo, huyu ana daftari, na daftari analo bado. Mimi sina kitu."

Basi wakaanza kuchambuana. Wakamwambia Mbaruku, wewe ndiye uliyefuta, unataka tuzo ya kuzima moto uliouwasha? Mbaruku akamwambia Zaina, ungetuachia nafasi kwenye diski ya mama ningefuta nini? Viatu vya watu vilikaa humo kwa raha. Na wote wawili wakamwambia Shaweji, mwizi wako wa mbuzi ndiye aliyetubana sote, umetoa ulichokuwa umetunyang'anya. Shaweji akasema hata kama, aliyelia usiku ule ni yeye.

Wakamwendea mama yao. Alikuwa anapaka mafuta kisu, tayari kwa utomvu. Akawaambia yeye atakula, mfenesi uwe wa yeyote.

Tunda la kwanza limeshaanza kunukia, mkipita bondeni mtalisikia. Mwantumu anangoja jina. Nanyi msinijibu wagawane, hilo kashalikataa, wala msiniambie apewe mama, kisu anacho. Aliyeweka, aliyejua, au aliyetoa: je, mfenesi ni wa nani?