Gari la Bibi Atuganile na Taa Isiyowaka

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mababu, ni ya masika ya juzi tu, palikuwa na gari la fowili kule Tukuyu, lile refu la kupandia milima, lenye umri wa kuwazidi nusu yenu mnaonisikiliza. Bodi iling'aa. Viti viling'aa. Ukiliwasha, dashibodi haikuonyesha hata taa moja nyekundu.

Muuzaji aliitwa Gwakisa. Mnunuzi alikuwa Mwalimu Lusajo, na hakulinunua kwa maringo. Bibi yake Atuganile, aliyemlea, alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, la kushoto lilibakiza vivuli. Madaktari wa macho walifika Mbeya wiki moja tu kwa mwaka, na jina la bibi lilipangwa siku ya mwisho.

"Mshale wa joto umekufa," Gwakisa alisema, "lakini taa ya joto ipo. Taa ikikaa kimya, Mwalimu, wewe nenda tu."

Lusajo akalinunua. Kisha, ndiyo, kisha, akalipeleka kwa fundi Ambakisye. Fundi akafungua boneti. Akaona pampu ya maji inadondosha, tone, tone. Akaona pia waya wa taa ya joto umekatwa na kufichwa kwa utepe mweusi. Pampu akaitaja. Waya hakuutaja, maana Gwakisa ndiye aliyemletea nusu ya wateja wake.

"Gari la umri huu lazima lidondoshe kidogo. Jaza maji kwenye rejeta kila asubuhi, utafika hata Dodoma."

Siku ikafika. Bibi alikuwa ameketi ndani ya gari tangu alfajiri, kitenge kipya, mkoba mapajani. Lusajo akashika boneti, akaiacha. Si alijaza maji jana jioni?

Wakaanza kupanda. Gari likahema. Lusajo akatazama taa, taa haikuwaka, akakanyaga mafuta. Likahema tena. Akatazama taa, haikuwaka, akakanyaga.

"Bibi, nanusa kitu kinaungua."

"Hata mimi nanusa, mume wangu. Macho ndiyo mabovu, pua ni nzima. Twende, tutachelewa."

Akatazama taa. Haikuwaka. Akakanyaga.

Mlimani gari likachemsha, likatoa moshi mweupe, injini ikafa. Walipopata lifti kwenye lori la viazi na kufika hospitali, madaktari walikuwa wakifunga masanduku yao. "Mwakani, mama," wakasema. Hadi mwakani hata vivuli vitakuwa vimekwisha.

Injini ilipofunguliwa, waya alioukata Gwakisa ukaonekana, na bibi akawaita wote watatu uani kwake.

Gwakisa akaanza: "Mimi niliuza gari kuukuu, na kila mtu aliliona ni kuukuu. Nani ananunua kwanza ndipo anaita fundi? Na bibi mwenyewe si ndiye alisema twende?"

"Nilisema," akajibu bibi. "Na mimi nimeshaanza kulipa. Endelea."

Gwakisa akamsukuma fundi mbele.

Fundi akasema: "Waya sikuukata mimi. Nilisema asubuhi, akajaza jioni. Angenisikia, wasingekwama."

"Ungeniambia taa haina waya," Lusajo akasema, "ningesimama niliponusa! Niliamini taa kwa sababu wawili mliniachia niiamini."

"Pua unayo, Mwalimu," akajibu fundi.

Lusajo akaishika pua yake. Pua alikuwa nayo.

Bibi akasema: "Pesa sitaki. Nataka mkono. Kila asubuhi, mtu anishike, anishushe shambani kwenye chai yangu, anirudishe, hadi madaktari warudi. Mkono mmoja. Mkinishika watatu mtaniangusha."

Hapo ndipo nawageukia ninyi. Tena msiniambie wote wana makosa; hilo nalijua, na bibi hawezi kushuka mteremko kwa kushikwa na jibu hilo. Mkisema Gwakisa, kwa kuwa aliukata waya, basi niambieni mtamkabidhi vipi bibi asiyeona kwa mtu anayejua kuficha shimo lililo mbele. Mkisema fundi, aliyeona na kufunga mdomo, kumbukeni njia ya shambani ina mawe, na kazi ya anayemshika ni kusema. Mkisema Lusajo, anayempenda, kumbukeni kwamba saa hiyo hiyo watoto sitini wanamngoja darasani, na kwamba mkimpa yeye, wale wawili wataenda zao wakipiga mluzi. Hasira yangu inataka mmoja, huruma yangu kwa bibi inataka mwingine, na mwaka ni mrefu.

Kesho asubuhi bibi atasimama mlangoni na mkono ameunyoosha. Je, ni nani kati yao anayepaswa kuushika?