Elkana Pruitt na Chanjo ya Nne

Tegeni masikio, watu wa Bonde la Pruitt, nanyi mliozoea kuisikia habari hii kwa wanaokohoa katikati, leo itasimuliwa inavyostahili. Zama za mababu, mfalme wa Uingereza alipojiita mwenye Virginia yote, milima aliyoiona na asiyoiona, alizaliwa Elkana mwana wa Obadia, wa ukoo wa wapima ardhi, Elkana Miguu-Haitulii, Elkana Shoka-Halikosi, aliyebeba mnyororo wa kupimia begani kutwa nzima akipiga mluzi, na hata akiketi kula, magoti yakicheza.

Ndiye aliyewapimia babu zenu mashamba, ingawa Washawnee, wenyewe wa kwanza, hawakuulizwa, na hilo lilimfanya atazame nyuma kila apimapo. Penye kila pembe, na kando ya njia yote ya kuingia bondeni, alichanja miti chanjo tatu, alama za shoka kwenye gome, akiwa ameapa: "Mkono huu hautachanja uongo." Ugomvi wa mpaka uliishia kwenye kupapasa gome.

Shamba lake tu ndilo asilolipima. Mkewe Tabitha, mwenye ulimi kama upupu, alimwambia, "Baba Ruthi, umewapa wote mipaka. Sisi tunalala kwa nani?"

"Nikirudi safari hii, mama."

"Ulisema hivyo Ruthi hajaota meno. Sasa anatafuna mahindi!"

Kisha Wafaransa wakashuka kutoka kaskazini na mzinga wao. Elkana alikuwa kapteni wa wakulima wachache wenye bunduki mbovu. Mpelelezi akarudi akihema: "Kapteni, wanapapasa miti! Alama zako ndizo zinazowaongoza!"

Kwa mara ya kwanza miguu ile ikasimama. Upande mmoja kiapo, upande wa pili moshi wa jiko la Tabitha. Akalinyakua shoka. Alama za kweli akazipaka tope, akachanja za uongo mti kwa mti hadi katikati ya kinamasi, na Wafaransa wakazifuata kwa adabu kama watoto wa shule. Ulizama mzinga, wakazama maksai walioukokota, na jeshi likarudi kwao bila viatu.

Bonde likacheza ngoma! Lakini tope halijakauka, Hosea Grubb akamkabili jirani yake na jembe mkononi: "Chanjo hii ya mpaka, nani ajuaye kama si ya uongo, kama zile za Wafaransa?" Watu wakacheka. Elkana hakucheka.

"Kaa nyumbani," Tabitha akamsihi. "Watazoea."

"Asiyeuamini mti leo, mama Ruthi, kesho hatamwamini jirani."

Akaingia kinamasini peke yake, na kila mti uliodanganya akaupiga chanjo ya nne, ya kukingama, ili ujulikane kuwa mwongo. Walilisikia shoka likienda mbali, mbali zaidi, hadi halikusikika. Tabitha alizifuata chanjo za nne mpaka ya mwisho. Kuvuka hapo palikuwa na maji tu. Hakuna aliyemwona tena Elkana.

Tabitha aliporudi nyumbani akilia, mkono wake ukagusa mwaloni ulio karibu na mlango. Chanjo tatu, mbichi, utomvu ungali ukitiririka. Miguu-Haitulii alikuwa amelipima shamba lake kabla ya kuondoka.

Ndiyo maana hapa kwetu hakuna anayeapa bila kushika gome, na mwongo huambiwa mbele ya watu: "Wewe, umepigwa ya nne!"