Nani Atakuwa Maiti?

Mwaka huo mvua iligoma. Haikutuma hata wingu la kuomba radhi. Mto uliopita katikati ya bonde ukageuka mchanga mtupu, nyasi zikawa rangi ya mgongo wa Simba, na vyura wakahama bila kuaga. Maji yalibaki mahali pamoja tu: dimbwi la Ng'ambo, nyumbani kwa Nyati.

Nyati si watu wa maneno mengi. Walituma ujumbe: "Maji yapo. Ninyi mnywe asubuhi, sisi tunywe jioni. Zamu kwa zamu mpaka mvua irudi."

Ujumbe mfupi, hauna kona. Wanyama wa bondeni wakamtazama Mfalme Simba, naye alikuwa amekwisha kufungua kinywa aseme ndiyo, Fisi alipokohoa.

"Zamu?" akasema Fisi. "Mtoto wa shujaa wa Korongo la Miiba apangwe zamu? Kama mgonjwa kwenye foleni ya dawa?"

Simba akafumba kinywa. Tangu aumbwe ana ugonjwa mmoja: ukimtajia baba yake, manyoya ya shingo husimama na akili hulala.

"Nitafikiri," akasema Simba. Wote wakajua hatafikiri.

Ilikuwa sheria ya bonde kwamba mwenyeji hamli mwenyeji. Simba mwenyewe aliwinda nyuma ya milima. Fisi, ambaye hawindi pale panapowezekana kungoja, aliruhusiwa kula aliyekufa mwenyewe. Na mwaka huo, kwa ubishi tu, wazee walikataa kufa. Kwa hiyo Fisi akaishi kwa mdomo. Kila alasiri alipanda juu ya mwamba bapa akasimulia Vita vya Korongo la Miiba, vile ambavyo marehemu baba yake Simba alipigana na Nyati akafa, na Fisi, kwa maneno yake mwenyewe, akamzika. Kila msikilizaji alimletea kitu, mfupa mkavu au kipande cha ngozi.

Na hapa tuseme ukweli kuhusu Sungura. Alikuwa binti mwenye ulimi mkali kuliko wote bondeni; alikwisha kumshinda Kobe kwa hoja na Nyani kwa kelele. Lakini hadithi za Fisi alizipenda kama watu wapendavyo pilipili, huku machozi yakimtoka.

"Nilisimama kulia kwa marehemu Mfalme!" Fisi angepiga kelele. "Nyati wakaja kama mlima ulioota miguu! Mfalme akanguruma! Pembe zikavunjika kama kuni! Kushoto, puu! Kulia, paa!"

"Rudia!" Sungura angeruka. "Rudia pale pembe zilipovunjika!"

Kisha Fisi angefika kwa walioanguka, atoe matumbo yao nje moja moja, na Sungura angeziba masikio. Sasa, masikio ya sungura hayazibiki. Viganja ni vidogo, masikio ni marefu; kila mara moja hubaki nje. Na aibu yake ilikuwa hii: lile lililobaki nje, alilichagua mwenyewe.

Njiani kurudi nyumbani aligombana na nafsi yake. Yule nyati aliyepasuliwa si alikuwa na mama? Alikuwa naye. Basi kwa nini ulipiga makofi? Kwa sababu ilisimuliwa vizuri! Na kama ingekuwa ngozi yako ndiyo inayosimuliwa vizuri? Na kesho yake Sungura alikuwa mbele kabisa, kaleta mfupa.

Asubuhi ya siku ya nne ya hadithi, Simba akanguruma kwamba jibu kwa Nyati ni vita, kesho kutwa, jua likichomoza. Bonde zima likashangilia. Fisi akateuliwa Jemadari, na kazi yake ya kwanza ikawa kuchagua mstari wa mbele.

Sungura alimkuta jirani yake Ngiri akinoa pembe zake kwenye jiwe, anaimba. Ngiri huyu ndiye aliyempa Sungura nusu ya shimo lake mwaka ule moto ulipochoma majani yote, na hakuwahi kumkumbusha. Alikuwa mnene, mcheshi, na mwepesi wa kuamini.

"Dada, mimi mstari wa mbele!" akasema Ngiri. "Jemadari kanichagua mwenyewe. Kaniambia nigeuke, kanipapasa paja, kasema, 'Huyu atafaa sana.'"

Sungura alianza kucheka. Kicheko kikakwama.

"Kakupapasa paja?"

"Yote mawili. Anajua kuchagua askari, yule mzee."

Alasiri hiyo Sungura hakuziba sikio hata moja. Akasikiliza kama asikilizaye hakimu. Na kadiri Fisi alivyosimulia, ndivyo manyoya yalivyomsimama. Juzi Nyati walitokea mashariki. Leo wanatokea magharibi. Juzi Mfalme alivunja pembe kwa meno, leo kwa ukucha. Mapigano yenyewe Fisi aliyasimulia kama mlevi anayekumbuka wimbo wa harusi. Lakini maiti! Hapo hakukosea hata siku moja. Aliyeanguka asubuhi hufura tumbo adhuhuri. Wa alasiri hubaki laini mpaka kesho yake. Nyuma ya figo kuna mafuta meupe. Hapo Fisi hakusimulia kama askari. Alisimulia kama mpishi.

Na jambo jingine. Katika hadithi nzima, pamoja na pembe zote zile, hakuna hata mmoja aliyelia.

Sungura akaenda kwa Shangazi Punda Milia, ambaye sikio lake la kushoto lilikatika nusu na ambaye hakuwahi kukanyaga pale mwambani.

"Shangazi, Vita vya Korongo ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Fisi alisimama wapi?"

Punda Milia alitafuna bua kavu bila haraka. "Fisi alikuja kesho yake."

"Na vita vilikuwaje?"

"Vumbi. Wewe unataka shujaa. Mimi niliona vumbi. Likatulia. Mdogo wangu akaita mama mpaka jua likazama, na mama yetu alikuwa amekufa mwaka uliotangulia." Akatema bua. "Hilo hamlipigii makofi."

"Shangazi, mbona hukusema mbele ya watu?"

"Nilisema. Wakaniambia sijui kusimulia."

Sungura aliinamisha masikio, kwa sababu alijua naye angesema vivyo hivyo.

Kesho yake, siku moja tu kabla ya vita, akasimama mbele ya wote. "Mfalme, nina swali kwa Jemadari. Ikiwa alisimama kulia kwa marehemu, mbona hajui Nyati walitokea upande gani? Siku moja mashariki, siku nyingine magharibi!"

Fisi hakutikisika. Alicheka kile kicheko chake cha kuazima. "Binti, vitani hakuna mashariki. Kuna uso wa adui tu. Mwenye hofu hujificha nyuma ya maswali."

Bonde likaangua kicheko. Hata Ngiri alicheka, akajipigapiga tumbo. Sungura aliwaka mpaka ncha za masikio. Alikuwa na hoja kumi nyingine mdomoni, zote za kweli, na akaona wazi kwamba hakuna atakayeisikiliza hata moja. Waliokuja kusikiliza hadithi huwalishi hoja. Akazimeza zote kumi.

"Nimeshindwa," akasema kwa adabu mpya kabisa. "Basi Jemadari atufundishe kwa vitendo. Kesho tunakwenda vitani na hatujui hata pa kusimama. Tuigize Vita vya Korongo hapa hapa. Mfalme awe marehemu baba yake."

Simba alikuwa amekwisha kusimama. "Nina sura yake," akasema, akitikisa manyoya. "Watu wengi husema."

Ikawa vurugu ya kugombea ushujaa. Nyani alitaka kuwa mvunja pembe. Mbuni alitaka kuwa mvunja pembe. Nungunungu alitaka kuwa mvunja pembe, tena awe na wimbo wake.

"Vizuri," akasema Sungura. "Na nani atakuwa maiti?"

Wavunja pembe wote wakarudi nyuma hatua moja.

"Katika hadithi nusu yetu tunakufa. Nahitaji nusu."

"Mimi nina mafua," akasema Nyani.

"Mimi kulala chini nitachafua manyoya," akasema Mbuni.

"Ajabu! Sehemu hii ndiyo mliyoipigia makofi kuliko zote, na mimi nikiwa mbele yenu." Sungura akawatazama mmoja mmoja. "Nani atakuwa maiti?"

Ngiri akainua pua. "Kufa ni kulala tu? Basi mimi nakufa. Shingo inaniuma kwa kunoa."

Kisha Sungura akamgeukia Simba. "Na marehemu Mfalme alikufa pia siku ile, samahani."

"Kwa heshima?"

"Kwa heshima kubwa."

"Basi nitakufa kuliko hawa wote," akasema Simba.

Mfalme akikubali kufa, nani atakataa? Mafua ya Nyani yakapona.

Wakaanza. Vumbi lilitimka, Simba alinguruma, wavunja pembe wakavunja vijiti vya kuni. Fisi, aliyepaswa kuwa kulia kwa Mfalme, alikimbilia kulia, akagongana na Mbuni, akakimbilia kushoto, akakanyagwa, mwisho akaingia nyuma ya mwamba. Hakuna aliyemwona isipokuwa Sungura, na Punda Milia, aliyekuja akasimama mbali kidogo.

Mmoja mmoja wakaanguka. Simba alianguka mara mbili, kwa kuwa ya kwanza haikumridhisha. Vumbi likatulia. Wakalala kimya, macho wamefumba, juani.

"Jemadari," Sungura akaita taratibu. "Vita vimekwisha. Fanya kama ulivyofanya siku ile."

Fisi akachungulia. Kwa siku nyingi hakula ila ngozi kavu, na sasa mbele yake bonde zima limelala, wanono kwa wembamba, hakuna anayetikisika. Pua ikaanza kucheza. Mgongo ukashuka. Akasahau mwamba, akasahau ujemadari, akaingia kati ya waliolala kwa utulivu wa mtu aliye jikoni kwake.

Akafika kwa Simba, akamnusa kichwa, akamzunguka upande wa tumbo. "Wewe Mzee, la," akanong'ona. "Mara ile nyama yako ngumu ilikaribia kuning'oa meno. Ini tu ndilo lililofaa."

Jicho moja la Simba likafunguka.

Fisi alikwisha kupita. Alikwenda moja kwa moja kwa Ngiri, akapita nyuma, akalitafuta lile paja, akauma.

"Mama wee!" akapiga yowe Ngiri. "Mama! Mama wee!"

"Nyamaza!" akasema Fisi, kinywa kimejaa. "Maiti hawasemi!"

Maiti wote wakaketi.

Hata nzi waliona haya kuruka. Damu ya Ngiri ilichuruzika mchangani, nyekundu kweli, na kila mmoja akaona haifanani hata kidogo na ile ya hadithi. Sungura alimrukia Fisi usoni kwa kucha zake ndogo mpaka akaachia.

"Leo amesimulia vizuri," akasema Punda Milia kutoka kule aliposimama.

Simba akainuka polepole. Hakunguruma, na hilo liliwatisha zaidi. "Uliniambia ulimzika baba yangu."

"Mfalme, nilim... nilimhifadhi."

"Wapi?"

Na Fisi, maskini wa Mungu, akalitazama tumbo lake.

Alikimbia mkia katikati ya miguu, Simba nyuma yake, mpaka nje ya mpaka wa bonde. Simba alirudi na nywele za mkia mdomoni, akaketi amewapa wote mgongo kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza pale mwambani, hakuna aliyepiga makofi. Fisi naye, husemwa, aliwasimulia majabali ya huko nje vita vyake vyote, na majabali hayakumletea hata ngozi.

Jua lilipoanza kupoa, Simba akageuka. "Nimefikiri," akasema. "Nimebuni jambo. Tutakunywa kwa zamu. Sisi asubuhi, Nyati jioni."

"Wazo zuri sana, Mfalme," akasema Sungura, akimfunga Ngiri jeraha kwa majani. "Umelipata wapi?"

"Kichwani mwangu."

Kesho yake, jua lilipochomoza, hawakwenda vitani. Walikwenda kunywa maji. Ngiri alichechemea kwa miguu mitatu, na ndama wawili wa Nyati wakamfuata wakilitazama paja lake kwa heshima.

"Ni jeraha la vita," Ngiri akawaambia, kifua mbele. "Dada Sungura, hebu wasimulie! Wewe unajua kusimulia."

Sungura alihisi miguu ikianza kuruka yenyewe. Hakuwa amepona, hadithi bado alizipenda, na hii ilikuwa nzuri mno. "Nitasimulia," akasema. "Lakini sitaruka mahali."

"Hata pale nilipomwita mama?"

"Hapo ndipo nitakapoanzia."

Ngiri akanuna, kisha akanywa maji, kisha akakaa karibu asikie. Basi akija kwenu mwenye kuvinogesha vita, msimwulize alisimama wapi. Mwulizeni alikula nini. Asifuye mvua imemnyea.