Chuma Kilicholala Mlangoni

Wahenga walipotuonya kuhusu aliyelala, hawakusema ni nani. Anaweza kuwa chatu. Anaweza kuwa jirani mpole. Kwa Gichuru, fundi wa majiko mtaani Kaloleni, alikuwa kipande cha chuma alichokitumia kuzuia mlango wa karakana usibamizwe na upepo.

Kilikuwa na umbo la chupa, na nyuma kilikuwa na mapezi kama ya samaki. Kilimfikia mwaka 1993 ndani ya gunia la vyuma vikuukuu kutoka kaskazini, na kwa miaka miwili kikatulia kama maji mtungini. Kisha Shiundu, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa amehamia nyumba ya jirani, akaja kuchukua jiko lake. Alipokiona chuma hicho, alirudi nyuma hatua tatu.

"Fundi, usikiguse hicho."

"Nakipiga teke kila asubuhi, afande. Kitaniuma leo?"

Shiundu aliinama kukichungulia tena, akaeleza kwa sauti ya chini. Hilo lilikuwa guruneti la bunduki. Askari hulichomeka kwenye mtutu akalirusha kwenye kifaru cha adui. Hili lilirushwa, likaanguka bila kulipuka. Halikufa, lilisinzia tu. Ndani yake mlikuwa na shaba iliyotengenezwa kwa umbo la faneli. Baruti ikilipuka, shaba hiyo hubanwa ikawa mkuki mwembamba, wenye kasi kuliko risasi, ukapenya chuma kinene kama kidole kinavyopenya ugali.

"Shaba?" Gichuru aliuliza.

Katika maelezo yote yale, neno hilo pekee ndilo lililomwingia.

"Nakwenda kuita polisi walete wataalamu," Shiundu alisema. "Funga karakana, umwondoe na mama watoto."

Gichuru alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye kona. Shaka ikaanza kumtafuna kama mchwa. Mbona alinong'ona? Mbona alirudi nyuma, kisha akainama kukichungulia tena? Alimkumbuka mnunuzi mmoja wa vyuma aliyemtisha fundi mwenzake kwamba betri zake kuukuu zina sumu, na kesho yake akaja kuzibeba mwenyewe.

Wangeci, mkewe, alikuwa ameyasikia yote.

"Baba Muriuki, si tutoke tu?"

"Umewahi kuona mtu akimwonyesha mwenzake shaba bure? Huyo amekwenda kuleta gari na wenzake. Watakuta ganda."

"Na kama anasema kweli?"

"Mateke yote hayo, ningekuwa nimezikwa zamani. Kama unaogopa, nenda kwa rafiki yako Nabwire ukanywe chai."

Wangeci alitoka. Hakuwa amemwamini Shiundu; alichoka kubishana tu. Nyuma yake Gichuru alikiweka chuma juu ya fuawe, mdomo ukitazama chini, akashika tindo na nyundo.

Shiundu na polisi wawili walikuwa wamefika kwenye ukumbi wa mtaa wakati mshindo ulipopasua asubuhi. Mabati ya karakana yalifunuka kama jani la mgomba.

Hata mbele ya maiti, shaka haikukoma. Polisi mmoja alimgeukia Shiundu.

"Wewe ulijuaje kwamba litalipuka leo?"

"Sikujua siku. Nilijua tabia yake."

Wangeci alivua leso yake, akamfunika mumewe. Kisha akaliona fuawe, lile pande la chuma ambalo wanaume wanne walishindwa kulibeba siku waliyohamia. Katikati lilikuwa na tundu jembamba, lililozama mpaka ardhini. Aliliinamia, akapitisha kidole ukingoni. Kilitoka na vumbi jekundu.

"Ni nini hiki, mzee?" alimuuliza Shiundu.

"Shaba yake, mama."

Wangeci alikitazama kidole, kisha ile leso iliyofunika uso wa fundi aliyemshuku kila mtu isipokuwa chuma. Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha, utalala wewe.