Fuko Aliyeitikia Hodi za Wenzake

Hodi, wasikilizaji, hodi!
— Karibu!
Hodi mara ya pili, nisije nikaambiwa nimeingia kama mwizi!
— Karibu, pita!
Nipite na nini?
— Pita na ngano, ugali tumeshakula!

Haya, sogezeni miguu nipate pa kukaa.

Palikuwa na mji wa gulio ukiitwa Kwamtama. Zamani ulikuwa uwanja tu na wauza mtama watatu. Gulio likakua, likakua, likakua. Wakaja wauza nyanya, wakaja wauza vyungu, wakaja na wauza maneno. Pembeni mwa gulio palikuwa na mtaa wa nyumba tano, mtaa mfupi kiasi kwamba ukipiga chafya mwanzoni, wa mwisho anakuitikia, “Afya!”

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Kobe. Ya pili ya Mama Chura na watoto wake, ambao idadi yao hata yeye alikuwa akikisia. Ya tatu ya Bwana Njiwa. Ya nne ya Bi Kanga, ndege mwenye madoa na mdomo usiolala. Na ya tano, mwisho kabisa, nyembamba, imejibana ukutani, ya Fuko.

Fuko mnamjua. Mdogo, mweusi, na macho yake ni ya kuazima tu, hayaoni kitu. Jirani kwake si sura, jirani ni sauti. Kila alasiri alitoka kwake akapita nyumba hadi nyumba. “Hodi!” Mzee Kobe anakohoa kwanza, ndipo anasema, “Ka-ri-bu.” “Hodi!” Watoto wa Chura wanaitika wote kwa pamoja. “Hodi!” Bwana Njiwa anaitika kwa kuimba. “Hodi!” Bi Kanga anaitika kwa kugomba. Fuko haingii, anaomba chumvi ambayo haihitaji, anarudi kwake amefurahi. Zile karibu nne ndizo zilikuwa chakula chake cha jioni.

Sasa akatokea Bwana Kiboko. Kiboko alikuwa na nyumba kila mtaa wa Kwamtama, na njaa ya nyumba bado ilikuwa haijamtoka. Akachora ramani ya majumba ya ghorofa, akaiweka juu ya ule mtaa wa nyumba tano. Tangazo likabandikwa nyuma ya choo cha sokoni, juu, mahali pa kusomwa na twiga. Lilisema mwenye pingamizi aje kwenye mkutano.

Twiga akasoma, akawaambia, wakaenda wote watano. Wee! Walipinga hao!

“Ghorofa litanizibia jua,” akasema Mzee Kobe. “Mimi bila jua la asubuhi sitembei.”

“Watayakausha madimbwi yetu!” akasema Mama Chura. “Kroo!” wakasema watoto.

“Kelele,” akasema Bwana Njiwa.

“Hatutaki! Hatutaki! Ke-ke-ke-ke!” akasema Bi Kanga, na hakuna aliyesema tena baada yake, maana hakunyamaza.

Kiboko akatabasamu, mdomo wote. “Nimewasikia, wenzangu,” akasema. Kesho yake akaja kujikuna mgongo kwenye kuta zao, kwaru, kwaru, kwaru. Keshokutwa akamwaga kokoto milangoni, gwaa! Siku iliyofuata akachimba mtaro, na siku iliyofuata akaja tena kujikuna.

Kupinga ni kazi ya siku moja, ndugu zangu. Kukaa ndiyo kazi.

Bwana Njiwa akawa wa kwanza. “Fuko, naenda kwa shangazi siku tatu tu. Nitunzie mlango.” Kisha Mama Chura. “Jirani, napeleka watoto mtoni siku tatu tu. Nitunzie mlango.” Kisha Mzee Kobe, ambaye kuondoka kwenyewe kulimchukua siku mbili. “Fuko mwanangu, nitunzie mlango.” Bi Kanga akawa wa mwisho, akiapa kwamba yeye hahami, hahami, hahami, huku akifunga mzigo. “Nitunzie mlango!”

Siku tatu zikaisha. Zikaja tatu nyingine. Wote wameingia mitini.

Fuko akabaki peke yake na milango mitano. Kila alasiri alipita kama zamani. “Hodi!” Kimya. “Hodi!” Kimya. Alijua hamna mtu, si mjinga, lakini mguu ukizoea njia hauulizi. Siku moja alikaa kizingitini kwa Bi Kanga akalia, kwa sababu hata kugombwa alikukumbuka. Akachimba njia chini ya ardhi, kutoka kwake hadi kila nyumba, apate kufagia ndani na kuviweka sawa vitu vya wenzake.

Ndipo akasikia kule nje Kiboko akizungumza na Korongo, karani wa mji. “Kesho ni ukaguzi,” akasema Korongo. “Sheria unaijua. Nyumba itapigiwa hodi mara tatu. Ikiitika, ina mwenyewe, na mwenyewe akikataa, imebaki. Isipoitika, ni gofu, nalo gofu ni lako.”

“Hodi tano tu?” akasema Kiboko, akacheka hadi kokoto zikahama. “Andika magofu matano leo, tukale.”

“Kesho,” akasema Korongo, ambaye hakuwa na haraka hata akiwa anakula.

Fuko akarudi shimoni kwake akawaza. Akisema “mimi nipo”, itabaki nyumba moja, na yeye ndani yake, na ghorofa kila upande. Atampigia nani hodi? Na wenzake wakirudi, atawaambia mlango aliotunza uko wapi? Hapana. Akapiga moyo konde.

Asubuhi Kiboko akafika nyumba ya kwanza. “Hodi!”

Chini kwa chini, Fuko mbio, kwe-kwe-kwe-kwe, akatokea ndani kwa Mzee Kobe. Hakuitika haraka. Mzee Kobe haitiki haraka.

“Hodi mara ya pili!”

“Kohooo! Kohooo!” Kikohozi cha kizee, kile kile. “Ka... ri... bu. Pita, bwana, ila tumbo liache nje.”

Kiboko akautazama mlango, akalitazama tumbo lake. “Nitasimama hapahapa. Unakubali tujenge, au unakataa?”

“Na... ka... taa.”

Korongo akaandika: ina mwenyewe, amekataa.

Nyumba ya pili. “Hodi!” Fuko mbio, kwe-kwe-kwe-kwe. Huko kuna kazi! Akarukia kona hii, “Karibu!” Akarukia kona ile, “Karibu! Kroo!” Akarudi katikati, “Mama, kuna mtu! Nyamaza wewe! Karibu! Nani kanikanyaga?” Vumbi likamjaa kooni.

“Mnakubali au mnakataa?”

“Twakataa! Twakataa! Kroo! Twakataa!”

“Inao wenyewe,” akasema Korongo. “Tele.”

Nyumba ya tatu. “Hodi!” Fuko mbio, kwe-kwe-kwe-kwe. Bwana Njiwa huitika kwa kuimba, na koo lilikwisha anza kukwaruza. “Karibuuu,” akaimba, sauti ikapasuka katikati.

“Una nini?” akauliza Kiboko kwa shaka.

“Mafua. Kuu-kuu. Nakataaa.”

Nyumba ya nne. Kiboko sasa alikuwa anatoka jasho. “Hodi!” Fuko mbio, pumzi hana, sauti hana, amebakiwa na mkwaruzo tu. Lakini mnamjua Bi Kanga. Sauti ya Bi Kanga haihitaji koo zima.

“Ke-ke-ke-ke! Nani wewe, asubuhi yote hii, hata chai sijanywa! Karibu kama una adabu! Nakataa, nimekataa, na mama yangu alikataa!”

Kiboko akarudi nyuma hatua tatu. Korongo akaandika haraka.

Ikabaki ya tano. Fuko akakimbia njia yake ya mwisho, akafika kwake, akakaa nyuma ya mlango wake mwenyewe. Furaha ilimjaa. Sasa aitikie kwa sauti yake.

“Hodi!”

Akafungua kinywa. “Ke,” kikasema kinywa.

Akajiziba kwa viganja vyote viwili. Akajaribu tena polepole, ndani kwa ndani. Ke. Sauti yake ndogo haimo. Ilikwisha njiani, kwa watu. Kilichobaki ni mkwaruzo wa Bi Kanga. Na Bi Kanga “ameshaitika” nyumba ya jirani, hatua sita kutoka hapo. Kiboko akimsikia tena huku, atauliza, vipi, mama, una nyumba mbili? Atarudi mlango kwa mlango na kuchungulia, na zote nne zitakuwa magofu.

“Hodi mara ya pili!”

Fuko alikuwa pale. Ubao wa mlango tu ulikuwa kati yao. Alisikia pumzi za Kiboko zikipita kwenye ufa.

“Hodi mara ya tatu!”

Akauma kiganja, akanyamaza. Nje, kalamu ya Korongo ikakwaruza karatasi: gofu. Aliisikia herufi kwa herufi, maana kusikia ndiko alikokuwa nako. Iliuma, sitawadanganya. Hakuna upweke kama kuwa ndani ya nyumba yako na kuandikwa kwamba haumo.

Kiboko hakungoja. Mwenye njaa hata mfupa hautupi. Jioni ile ile alikuja na mawe na matofali, akaingia kwa Fuko kwa kuubomoa ukuta. Fuko akaponyokea njia za chini, Kiboko akasimama katikati kupima. Lakini njia zote nne zilianzia pale, ndugu zangu. Chini palikuwa patupu kama chungu cha mchoyo.

Pu! Pwaaaa!

Kiboko akazama hadi masikioni. Siku tatu wakamvuta kwa kamba. Wauza nyanya walifunga vibanda waje kutazama, na wauza maneno wakapata bidhaa ya mwaka mzima. Alipotoka, alisema mradi umeahirishwa, akajifuta tope, hakurudi tena. Mvua ikaja ikajaza shimo. Nyumba ya Fuko ikawa dimbwi.

Habari zikawafikia wale wanne walikojificha. “Nyumba zenu zimeitikia hodi!” Bi Kanga akasimuliwa neno kwa neno, mpaka ile chai ambayo haijanywewa.

“Nani kaingia kwangu?” akasema Mzee Kobe.

“Nani kaingia kwangu?” akasema kila mmoja.

Wakarudi na fimbo kumfukuza mwizi. Kila mmoja akakuta nyumba tupu, imefagiwa. “Nikitoka tu, atarudi,” kila mmoja akasema, akaketi alinde. Ndivyo walivyorudi kukaa. Walichoshindwa kukifanya kwa upendo wa mtaa walikifanya kwa kumtafuta mwizi.

Wakaliona dimbwi. “Maskini Fuko,” wakasema. “Kumbe naye alihama.”

Fuko aliyasikia hayo akiwa chini ya sakafu zao. Nipo, alitaka kusema. Alasiri akatoka nje, akapita kama zamani. Kwa Mzee Kobe akatoa pumzi tu, mzee hakusikia. Kwa Mama Chura makelele yalimmeza. Bwana Njiwa alikuwa amelala. Akafika kwa Bi Kanga akasimama. Kumwigiza mtu mlangoni kwake ni kukosa adabu, lakini sauti nyingine hakuwa nayo.

“Ke-ke-ke,” akasema, kwa haya. “Hodi. Hata chai sijanywa.”

Ndani fimbo ikawekwa chini. Bi Kanga akafungua mlango, akamwona amesimama na vumbi hadi kichwani, kucha zote zimekwisha kwa kuchimba.

“Ndiye wewe uliyeniitikia?”

Fuko akatikisa kichwa kukubali.

“Na Mzee? Na kina Chura? Na yule mwenye mafua?”

Akatikisa kichwa.

Bi Kanga akaligeukia lile dimbwi, akalitazama muda mrefu. “Na kwako,” akauliza, “nani aliitika?”

Na Bi Kanga, ambaye hajawahi kunyamaza tangu atoke kwenye yai, akanyamaza. Kisha akasogea kando mlangoni.

“Karibu,” akasema, polepole, kwa sauti ambayo Fuko hakuwahi kuisikia kwake.

Tangu siku hiyo fuko hana sauti wala nyumba ya juu. Hukaa chini ya nyumba za watu. Ukikuta kichuguu cha udongo mbichi karibu na mlango wako, usiondoke na kumwambia mtu akutunzie.

Na funzo? Funzo ni hili, watoto kwa wakubwa: kila mtu na aitikie hodi ya kwake! Ukiitikia za jirani, utakosa nyumba kama Fuko. Msipinge ramani, mnachelewesha maendeleo. Na wenye matumbo makubwa waacheni wajenge wapendapo, ila wasikanyage katikati.

Ngano yangu iliingia kwa mlango wa mbele, inatoka kwa mlango wa nyuma.
— Nenda salama!
Mwenye sikio kaipokea. Aliyekuwa amelala?
— Kesho tutampigia hodi!
Mpigieni mara tatu. Asipoitika, msiandike haraka.